Kumbatio la Nyumba ya Bi Mwanakheri

Jinsi Nambua alivyofika nchi ya Kifuani si jambo la kutupotezea muda. Alipanda kilima akiwa na begi, daftari na barua ya chuo ya kumtambulisha popote atakapokwenda kujifunza kazi, akashuka upande wa pili, na huko chini akaikuta nchi isiyokuwamo kwenye ramani yoyote aliyofundishwa shuleni. Waliowahi kufika wanasema wote hufika hivyohivyo. Basi tuanzie pale alipobisha hodi kwenye nyumba ya kwanza.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Ila kabla hujakaa, jifunike."

Aliyesema ni mwanamke wa makamo ya bibi, mfupi, mwenye mashavu ya mtu anayecheka mara kwa mara. Mikononi alikuwa ameshika kitu kikubwa kama godoro lililokunjwa. Nambua akamwamkia, "Shikamoo," na kabla hajapata jibu lile zigo likamwangukia mabegani, zito, lenye joto, lenye harufu ya maziwa, jasho, mafuta ya nywele na miaka mingi.

"Marahaba. Sasa umefika," akasema Bi Mwanakheri.

Kitu hicho waliita kumbatio. Kila nyumba ya Kifuani ilikuwa na moja. Mtoto akizaliwa, kila jirani alileta kipande cha nguo aliyoivaa mwenyewe, kikashonwa juu ya blanketi la nyumba hiyo. Mtu akifa, shati lake au kanga yake ilishonwa pia. Hivyo viraka vilipanda juu ya viraka, tabaka juu ya tabaka, na watu wa nyumba wakalala chini yake wote pamoja, mgeni akiwemo. Kumbatio halikufuliwa. Halikuanikwa. Halikukung'utwa hata kidogo, maana yaliyomo ndani yake yalikuwa ya watu, na nani angethubutu kuwakung'uta watu wake?

Nambua aliona hiyo ni desturi nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia. Alikuwa binti mwenye haya, wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, na chuoni wenzake walimtania kwamba angemaliza masomo yake yote ya afya bila mwalimu kuijua sauti yake. Kufunikwa bila kuulizwa maswali kulimfaa sana.

Lakini Nambua alikuwa na pumu tangu utotoni, na kifua chake hakikuwa na haya. Alipolala na wenyeji wake kwenye kitanda kile kipana, kilianza kubana. Pua ikawasha, macho yakamtoka machozi. Akajigeuza ukutani, akatoa kipulizio chake cha dawa, akavuta mara mbili kwa siri, kama mtu anayedokoa nyama jikoni kwa watu.

Na ubavuni pake kifua kingine kilikuwa kinalia. Kilikuwa cha Sikudhani, mjukuu wa Bi Mwanakheri, mtoto wa miaka saba ambaye wazazi wake walikuwa shambani milimani hadi mavuno. Kilipiga mluzi kama birika linalokaribia kuchemka.

"Kwenu vifua haviimbi?" mtoto aliuliza kulipokucha, akimtazama mgeni usoni bila kupepesa.

"Vya baadhi yetu. Changu mimi kinaimba."

"Basi wewe ni wa kwetu," Sikudhani akaamua, akaenda kumwambia bibi yake kwamba mgeni si mgeni.

Bi Mwanakheri alikuwa ameinamia kumbatio, uso wake ameuzika kwenye kiraka kimoja cha kaki chenye kifungo cha mti. Alivuta pumzi ndefu, akaipapasa ile nguo, ndipo akainuka kwenda kuwasha moto. Nambua alikuja kujua kwamba kila siku yake ilianza hivyo.

"Ni shati la Mbaruku," mtoto alimnong'oneza. "Mwana wa bibi. Alikufa akiwa na miaka tisa. Harufu yake bado imo. Mimi siisikii, ila bibi anaisikia."

Chai ilipokuwa tayari, Bi Mwanakheri alieleza mwenyewe, kwa utulivu, huku akimega andazi. Kifua cha Mbaruku nacho kilikuwa kinaimba. Na sheria ya Kifuani ilisema kwamba mtoto ambaye kifua chake hakijatulia kwa misimu mitatu aongezewe tabaka: kila jirani achomoe kiraka kwenye kumbatio la kwake mwenyewe na kukitoa, mtoto aone kwamba hayuko peke yake.

"Mbaruku alipata tabaka nne," alisema. "Majirani walitupenda sana mwaka ule."

Nambua akaliweka andazi lake chini.

"Na huyu mke mwenzangu," bibi akaendelea, akimfinya Sikudhani shavu, "ameshapata mbili. Ya tatu ni Ijumaa. Ona anavyojidai! Atakuwa na tabaka nyingi kuliko mimi, halafu babu yenu aliye kaburini anisahau kabisa."

"Ameshakusahau," mtoto alijibu. "Aliniambia ndotoni kwamba unakoroma."

Wakacheka wote wawili mpaka mtoto akakosa pumzi, na kicheko chake kikaishia kwenye mluzi. Bi Mwanakheri akavuta ncha ya kumbatio, akamfunika hadi kidevuni. Nambua akahesabu vidoleni: zilibaki siku nne.

Siku hiyohiyo aliipeleka barua yake kwenye Baraza la Pumzi, jengo kubwa kuliko yote nchini, ambako watu sitini walioapa kutojishughulisha na jambo jingine lolote walikuwa wakitafiti, kwa mwaka wa arobaini sasa, kwa nini vifua vya watoto vinapiga mluzi. Mpimaji Mkuu, Bwana Tulizo, aliisoma barua akiwa amesimama, akamrudishia, akafuta macho kwa leso.

"Binti ametoka mbali kwa ajili ya watoto wetu," aliwaambia wenzake. "Mpeni kiti. Mpeni na maji."

Akamtembeza mwenyewe. Kwenye rafu kulikuwa na utafiti wa majogoo, uliofanyika zamani baada ya mtu kugundua kwamba vifua vinazidi alfajiri, saa ambayo majogoo huwika. Majogoo wote walihamishiwa ng'ambo ya mto kwa miaka miwili. Mluzi haukupungua, ila nchi nzima ilikuwa ikichelewa kuamka. Kulikuwa na utafiti wa rangi za milango, na mwingine, mnene zaidi, wa vicheko, ambao kwa sababu yake watoto waliwahi kuamriwa kucheka kwa zamu; amri hiyo ilifutwa wiki ya kwanza, kwani waliopewa kazi ya kusimamia zamu ndio waliokuwa wa kwanza kuangua kicheko. Kwa sasa Baraza lilikuwa limegawanyika. Nusu walishikilia kwamba mluzi hutoka pafu la kushoto, nusu la kulia. Wa kushoto na wa kulia walibishana kutwa nzima, na saa sita wakapelekeana sahani za wali.

"Na hapa ndipo tunapopima," Bwana Tulizo alisema.

Kulikuwa na kijifereji kirefu cha mti kilichopigwa msasa, chenye alama kumi na mbili. Mwanzoni mwake waliweka unyoya wa kanga. Mtoto aliupuliza mara moja, na karani akaandika alama uliyofikia. Foleni ya watoto ilienda hadi mlangoni, na kila mmoja alikuwa amefunikwa kumbatio la kwao, zikionekana pua tu na midomo. Wazazi walizishika zile ncha ili zisiburuzike chini. Mtoto akipuliza vibaya, karani, Faki kwa jina, alimpa kashata kumfariji. Akipuliza vizuri alimpa kashata kumpongeza.

Nambua alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kitu, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Bwana Tulizo alilazimika kuinama.

"Unasemaje, binti?"

"Samahani. Nauliza... kuna mtoto aliyewahi kupimwa akiwa hajafunikwa?"

Kalamu ya Faki ilianguka. Mzazi mmoja alimvuta mwanawe karibu.

Bwana Tulizo hakukasirika, aliumia. Alimwonyesha ubao ukutani, ulioandikwa kifungu cha kwanza cha sheria ya vipimo: *Mtoto apimwe akiwa ndani ya kumbatio la kwao, asije akadhani amekuja peke yake.*

"Kifungu hiki kiliandikwa na akina mama," alisema. "Miaka arobaini hakuna aliyekivunja. Wewe unataka tumvue mtoto wa nani?"

Nambua alihisi masikio yakimwaka moto. Akaomba radhi kwa Mpimaji Mkuu, kwa Faki, kwa yule mzazi na kwa mtoto wake. Usiku aliandika katika daftari: *Nimeuliza. Nimeomba radhi. Sijui kwa nini nimeomba radhi.*

Ijumaa ilifika. Ukumbi wa Baraza ulipambwa kwa majani, wanawake wakapiga vigelegele, na majirani wakapita mmoja mmoja na viraka vyao. Yupo aliyetoa kipande cha kanga yake ya harusi. Yupo aliyetoa soksi ya marehemu mumewe, akiomba radhi kwamba nyingine alimzika nayo. Mafundi wanne walikaa chini wakavishona kwenye kumbatio la nyumba ya Bi Mwanakheri. Kila kiraka kilichopigwa sindano kilitoa kivumbi chembamba, kikaelea kwenye mwanga wa dirishani, kikapendeza, watu wakakitazama kwa upendo. Kisha wakaliinua kumbatio, watu sita, wakamshushia Sikudhani.

Mtoto alitabasamu. Akakohoa. Akakohoa tena, akashika shingo. Mabega yake yakaanza kupanda na kushuka, na ngozi ya kati ya mbavu ikawa inazama ndani. Mluzi ulisikika ukumbi mzima, halafu ukafifia, na hilo ndilo lililomtisha Nambua, kwa maana alijua mwenyewe, tangu utotoni, kwamba kifua kinachonyamaza ghafla hakijapona.

"Mwongezeeni!" mtu akapaza sauti. "Anahisi upweke!"

"Litoeni!"

Watu waligeuka kumtafuta aliyepiga kelele. Hata Nambua aligeuka, kabla hajatambua kwamba ni yeye.

"Litoeni! Mtoeni nje, kwenye hewa! Bibi, nisaidie, tafadhali!"

Hakungoja jibu. Alilivuta lile zigo, akambeba mtoto hadi uani, akamkalisha wima. Barua ya chuo ilikuwa mfukoni. Akaikunja ikawa kama kikombe kisicho na kitako, upande mmoja akachomeka kipulizio chake, upande mwingine akaufunika mdomo na pua ya mtoto. "Vuta polepole. Mimi ninahesabu, wewe unavuta. Usijibu, mama, usijibu, vuta tu." Akabonyeza, akahesabu, akabonyeza tena. Bi Mwanakheri alipiga magoti mchangani, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na kitu cha kumfunika mtu.

Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Midomo ikapata rangi. Baada ya muda mrefu Sikudhani akatazama huku na huku, akaona ukumbi mzima umemzunguka, wengi wakilia.

"Mbona mnalia? Nipimeni basi," alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Si sherehe yangu?"

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia. Mfereji ukaletwa uani. Mtoto akapuliza, mabega wazi, jua likimpiga mgongoni. Wiki iliyopita unyoya wake ulikuwa umeishia alama ya tatu. Sasa ulifika ya nane.

"Andika," Bwana Tulizo alimwambia karani.

Faki alilipekua daftari mbele na nyuma. "Bwana Mpimaji, hakuna safu ya mtoto asiyefunikwa."

"Chora basi."

Faki akachora kwa haraka, bila rula, na mstari ule mpaka leo umepinda. Watu wakaanza kunong'ona: kumbe ni kumbatio! Wa kushoto wakawatazama wa kulia. Lakini Nambua alitikisa kichwa, kwani alikuwa mkweli kupita alivyokuwa na haya.

"Samahanini. Nimempa dawa. Huenda ni dawa iliyousogeza unyoya, si kumbatio. Kwetu tunajua kwamba kuna vifua visivyopatana na vumbi la nguo za zamani, tunaita mzio, na changu ni kimojawapo. Lakini chake sikijui. Kipimo kimoja hakitoshi. Alale mbali na hilo kumbatio siku saba, lenyewe lifuliwe, lianikwe juani, halafu tupime tena."

"Lifuliwe?" alisema Bi Mwanakheri.

Alikuwa amesimama sasa. Kumbatio lilikuwa limelala kizingitini, kiraka cha kaki kikiwa juu. Alizungumza taratibu, na watu wote wakasikia.

"Mwanangu alipougua tulimwongezea. Alipozidi tukamwongezea tena. Mpaka siku ya mwisho nilikuwa nimemfunika kwa mikono hii. Sasa niambie, binti wa watu, uliyekula andazi langu. Unataka kusema tulimuua kwa kumpenda?"

Nambua alimsogelea.

"Sijui, Bibi," alisema, machozi yakimchuruzika. "Hakuna anayeweza kujua sasa. Najua tu kwamba mlikuwa hamjui, na kwamba huyu bado yupo."

Vijana waliopanda ukutani kutazama waliteremka.

Sikudhani ndiye aliyezungumza kwanza. "Bibi, wewe mimi unanipenda?"

"Swali gani hilo?"

"Si unijibu tu. Unanipenda?"

"Nakupenda, mke mwenzangu. Kuliko macho yangu."

"Na kila siku unaniogesha. Unanisugua hadi masikio, hata nikilia. Sasa hilo kumbatio mnalipenda gani, miaka yote hamjaliogesha?"

Mtu mmoja upande wa nyuma alicheka, akajiziba mdomo.

Bi Mwanakheri aliinama, akakiinua kile kiraka cha kaki, akauzika uso wake ndani. Alivuta pumzi moja, ndefu kuliko zote za asubuhi zote, na watu wakamwacha aimalize. Halafu akajifunga kanga kiunoni.

"Leteni karai," alisema. "Leteni yote mliyo nayo."

Walifua hadi jua likaelekea magharibi. Maji ya kwanza yalikuwa meusi kama kahawa, ya pili kama chai, na kila maji yalipomwagwa kuna mtu aliyeinamisha kichwa. Waliotoa viraka ndio walioleta sabuni. Kumbatio lilipoinuliwa majini lilikuwa zito kiasi kwamba watu kumi na wanane walilishika kulikamua, na lilipoanikwa, rangi zilijitokeza ambazo hakuna aliye hai aliyekuwa amewahi kuziona.

Nambua alibaki siku saba, kisha nyingine saba, akipima kila asubuhi na kuandika hata siku ambazo unyoya haukwenda mbali. Kwani Sikudhani hakupona. Asubuhi za baridi kifua kiliimba bado, na Nambua alimwachia kipulizio cha akiba, akaahidi kutuma vingine, akamfundisha bibi kuhesabu. Lakini unyoya haukurudi tena alama ya tatu. Faki alijaza safu mpya za watoto wengine, kila mmoja kwa idhini ya mama yake. Baraza likakutana, likapitisha kwamba kila mwezi makumbatio yaogeshwe kama watoto wanavyoogeshwa, na afisa wa Baraza awepo kusimamia. Wa kushoto sasa wanashikilia maji ya moto, wa kulia jua kali. Saa sita bado wanapelekeana wali.

Siku aliyoondoka, Nambua alimkuta Bi Mwanakheri chumbani, baada ya chakula cha mchana, ameketi kitandani karibu na Sikudhani aliyelala. Bibi alikuwa amekunja uso, kichwa kaelekeza upande mmoja.

"Sisikii kitu," alinong'ona kwa hofu. "Miaka saba nakisikia kifua chake. Leo sisikii."

Nambua akauchukua mkono wake, akauweka mgongoni kwa mtoto. Ukapanda. Ukashuka. Ukapanda.

"Yupo," alisema bibi.

Kisha Bi Mwanakheri akavuta ncha ya kumbatio lililokuwa limekunjwa miguuni, jepesi, bado na joto la jua, akakitafuta kile kiraka cha kaki kwa kifungo chake. Aliogopa kidogo, halafu akakileta puani. Nambua akatazama sakafuni, tayari kuomba radhi.

"Kinanukia sabuni," bibi alisema.

Akanusa tena. Uso ukaanza kumlegea, mashavu yale yakarudi mahali pake.

"Nilikuwa nimesahau. Nikishamwogesha, akatoka mbio uani kabla sijamfuta maji... Mbaruku alikuwa ananukia hivihivi."